Nyumba ya Pembe: Uhakiki wa Jengo na Jina Lake

Uhakiki kwetu umezoea kupewa vitabu. Mhakiki hukabidhiwa utenzi au hadithi, akaulizwa mtunzi alikusudia kusema nini, amesemaje, na amefaulu kwa kadiri gani. Ni nadra kukabidhiwa nyumba. Walakini nyumba nayo hutungwa. Ina mtungaji, ina lugha yake ya matofali na chuma, ina kusudi; na kama kitabu, huweza kuishi zaidi ya kusudi lake, ikaja kusomwa na watu ambao mtungaji hakuwafikiria kamwe. Katika makala haya nataka kuisoma nyumba moja kwa njia hiyo. Iko London, karibu na ngome kongwe iitwayo Tower of London, katika gudi la St Katharine. Waingereza huiita Ivory House, yaani Nyumba ya Pembe, na pembe zenyewe ni za ndovu. Zamani ilikuwa ghala. Leo chini yake mna maduka na mahali pa kulia chakula, na ghorofa za juu ni fleti za watu wenye uwezo.

Msomaji ana haki ya kuuliza jarida la Kiswahili lina haja gani na ghala la Waingereza. Jibu langu ni kwamba jengo hili ni nusu ya maandishi, na nusu yake ya pili imo katika lugha yetu. Tena, kuligeuza ghala likawa makao ni kazi inayofanana sana na tafsiri. Mfasiri huchukua umbo lililotungwa kwa haja moja akalihamishia haja nyingine. Hubakiza baadhi ya mambo, hupoteza baadhi, na hulazimika kutujibu kwa nini alibakiza haya akapoteza yale. Nitaipima nyumba hii kwa kanuni tunazopimia tafsiri. Nathubutu kusema mapema kwamba naiona ni tafsiri nzuri ya umbo na tafsiri dhaifu ya maana, na kwamba udhaifu huo si wa Waingereza peke yao.

Tuanze na mahali. Katika karne ya 12 Malkia Matilda wa Uingereza aliweka hapo nyumba ya wagonjwa na maskini kwa jina la Mtakatifu Katharine. Karne zikapita, na kandokando ya nyumba hiyo ukakua mtaa wa watu wanyonge, waliosongamana karibu na mto uliowapa riziki. Mwaka 1825 Bunge lilitoa sheria ya kuruhusu mtaa huo uvunjwe ili lichimbwe gudi la meli. Nyumba zipatazo 1,250 zilibomolewa, pamoja na ile nyumba ya kale ya Mtakatifu, na watu wapatao 11,300 wakaondoka. Wenye kumiliki nyumba walilipwa. Wapangaji, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakupata kitu. Kazi ilianza mwaka 1827 chini ya mhandisi Thomas Telford na msanifu Philip Hardwick, na gudi likafunguliwa Oktoba 1828. Udongo uliochimbwa ulichukuliwa kwa majahazi kupandisha mto, ukajaza ardhi ya majimaji ya upande wa magharibi wa mji, ambako baadaye yalisimamishwa majumba ya watu wenye mali.

Mambo hayo yana mantiki ya kutisha, na hayahitaji kutiwa chumvi. Watu waliondolewa ili bidhaa zipate makao, na udongo waliokuwa wakiukanyaga ukawa msingi wa majumba ya wengine. Atakaye kuielewa nyumba ya fleti iliyopo leo na akumbuke kwamba hii si mara ya kwanza mahali pale kuulizwa ni nani anayestahili kukaa. Mara ya kwanza jibu lilikuwa: bidhaa. Mara ya pili, katika karne ya 20, jibu lilikuwa: mwenye fedha. Maskini waliokaa pale hapo awali hawakutajwa katika jibu lolote kati ya hayo mawili.

Nyumba ya Pembe haikuwa miongoni mwa maghala ya kwanza. Ilijengwa katika miaka ya 1850 na George Aitchison. Ni jengo la matofali ya rangi ya manjano, lililosimama kati ya mabwawa ya gudi hata maji huliona kwa pande zaidi ya moja. Chini lina matao mapana. Ndani hubebwa na chuma. Juu lina mnara wa saa. Ni umbo lisilo na majivuno. Mapambo yake ni machache kwa kuwa lilikusudiwa kubeba uzito, kuzuia moto na kufukuza wezi. Na ukubwa wa gudi lile katika fikira za wafanyabiashara ulikuwa huo, kwamba mali ilitolewa melini na kuingizwa ghalani kwa hatua chache tu, nyuma ya kuta ndefu, mkono wa mwizi usipate nafasi. Katika maghala yale ziliwekwa chai, sukari, mvinyo, manukato, magamba ya kasa na marumaru. Lakini jina la nyumba hii lilitoka katika bidhaa moja. Yasimuliwa kwamba katika kilele cha biashara zilipita humo karibu tani 200 za pembe za ndovu kwa mwaka.

Tani 200 ni maneno mepesi kutamka. Tuyafasiri kwa vipimo vya kwetu. Mpagazi wa njia ya kati, ile itokayo Unyamwezi mpaka mrima wa Bagamoyo, alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, nayo frasila ni ratili 35, yaani kilo 16 kwa kukadiria. Tani 200, basi, ni mizigo 6,000 na zaidi ya namna hiyo, kila mmoja juu ya bega la mtu. Tukikadiria kilo 20 kwa kila pembe, ni pembe 10,000, yaani ndovu 5,000. Sitadai kwamba pembe zote za London zilitoka kwetu. Nyingine zilitoka Afrika ya Magharibi na kwingineko. Lakini katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya pembe katika Afrika ya Mashariki, na pembe laini za huku zilipendwa hasa kwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Nyingine zikawa vitana na mipini ya visu. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe katika Unguja, alionyesha jinsi bei ya pembe ilivyopanda kwa miongo mingi ilhali bei ya nguo na bidhaa nyingine za viwanda haikupanda pamoja nayo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowavuta wafanyabiashara kuzidi kwenda bara, mpaka wakafika Manyema na kuuvuka mto Kongo. Mtu wa London aliyepiga piano sebuleni kwake, na mtu wa Utetera aliyeona msafara wenye bunduki ukiingia kijijini, walifungwa kwa kamba moja. Ghala hili lilikuwa fundo katika kamba hiyo.

Gudi halikudumu katika fahari yake. Lilikuwa dogo na mlango wake mwembamba, na meli ziliendelea kukua. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yaliharibu vibaya maghala ya upande wa mashariki. Mwaka 1968 gudi likafungwa kwa biashara. Katika miaka iliyofuata mengi ya maghala ya asili yaliyookoka vitani yalibomolewa, pakajengwa hoteli na ofisi, na mabwawa yaliyopokea mizigo ya dunia yakawa maegesho ya mashua za starehe. Nyumba ya Pembe ilisalimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitengenezwa upya ikawa maduka chini na fleti juu, na leo imo katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria.

Sasa tuihukumu tafsiri yenyewe. Kwanza niseme mema yake, maana mhakiki asiyeona mema hana haki ya kutaja mabaya. Wageuzaji wa nyumba hii hawakulificha ghala. Matao yameachwa yaonekane, matofali hayakupakwa chokaa, na mnara wa saa haukuondolewa ingawa hakuna tena wachukuzi wa kuitwa kazini kwa saa. Umbo la asili lilikuwa la unyenyekevu, nao hawakulivika taji. Kuna tafsiri ambazo mfasiri hujionyesha kila ukurasa, akitaka tumtazame yeye badala ya mtunzi. Hii si mojawapo.

Thamani ya kiasi hiki huonekana vizuri zaidi mtu akivuka daraja dogo na kulitazama jengo jingine katika gudi lilelile. Hilo nalo lilikuwa ghala, la miti, linalodhaniwa kuwa la karne ya 18. Katika miaka ya 1970 kiunzi chake kilisogezwa kutoka mahali pake, kikavikwa roshani kama za nyumba za wasafiri wa zamani, likafunguliwa mwaka 1976 kwa jina la Dickens Inn. Charles Dickens ni mwandishi mkuu, na aliujua vyema mto ule na watu wake. Lakini nyumba ya wageni yenye roshani haikupata kuwapo pale kwa umbo lile. Hapo mjenzi hakutafsiri. Alitunga hadithi mpya akaiandikia juu yake jina la mtu mwingine ili ipate wasomaji. Mlaji wa chakula hapo hufurahi kuamini kwamba amekaa katika karne ya zamani, kumbe amekaa katika mwaka 1976. Nyumba ya Pembe haikutenda hila hiyo. Ilikuwa ghala, na mpaka leo yaonekana kuwa ilikuwa ghala.

Basi udhaifu uko wapi? Uko katika jina.

Jina ni sehemu ya maandishi, tena ni sehemu isomwayo kwanza na kukumbukwa mwisho. Jina Ivory House lilipokuwa la ghala lilikuwa na maana moja iliyo wazi kama maandishi juu ya gunia: mna pembe ndani. Nyumba ilipogeuzwa makao, neno lilelile lilibaki mlangoni, lakini lilihama kimya kimya kutoka orodha ya bidhaa likaingia katika orodha ya sifa. Sasa lasikika kama rangi, kama ulaini, kama ukale wenye thamani. Linauza. Na huku neno likiuza, kitu chenyewe hakiuziki tena: sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imekataza karibu biashara yote ya pembe za ndovu. Yapatikana hivi: jina la kitu limewekwa mlangoni kwa heshima, na kitu chenyewe kimepigwa marufuku kwa aibu. Mwenye nyumba humo hahitaji kuona mgongano, kwa sababu jina limekwisha kuoshwa. Hili ndilo jambo ambalo mfasiri mbaya hufanya kwa neno gumu: hulichukua kwa sauti yake, akaliacha bila maana yake.

Mtu aweza kunijibu kwamba maana haikufutwa yote, kwani juu ya nguzo za lango la upande wa East Smithfield ziko sanamu za ndovu. Ni kweli, nami nazihesabu kuwa wema. Lakini zitazameni kama wasomaji. Katika habari ya pembe wamo wahusika wengi: ndovu, mwindaji, mpagazi, mtumwa, mwenye msafara, Mhindi mkopeshaji, nahodha, dalali, mchonga vibonyezo. Katika wote hao lango limemchagua ndovu peke yake. Ndovu ni mhusika mwema kwa kumbukumbu, kwa sababu hana jina wala jamaa, na wajukuu zake hawatabisha hodi kuuliza habari. Mpagazi anao. Ndovu amepewa nguzo mlangoni. Mpagazi hakupewa hata kivuli chake.

Hapa ndipo lugha yetu inapoingia. Lugha ya Kiswahili iliijua nyumba hii kabla haijaijua kwa jina. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri njia ya kati kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika jinsi wafanyabiashara wa Unguja walivyoigawa pembe kwa aina. Iliyo kubwa na bora, iliyofaa soko la wazungu, iliitwa bab Ulaya. Iliyofaa soko la Bara Hindi iliitwa bab Kachi. Na pembe ndogo ni kalasha. Neno bab latokana na Kiarabu, nalo lina maana ya mlango na pia ya fungu au aina. Kwa hiyo pembe ilipokuwa ingali sakafuni Unguja, kabla haijatiwa chomboni, ilikuwa imekwisha kuandikiwa mlango itakaoingia. Mlango wa Ulaya uliotajwa na wazee wetu haukuwa mfano wa usemi tu. Mmoja wa milango hiyo ndio huu tunaouhakiki. Leo maneno hayo hayasikiki, na katika madarasa yetu ni wachache watakaoyatambua. Nasi pia, basi, tumepoteza orodha ya bidhaa tukabaki na jengo.

Lakini hatukupoteza yote. Tunacho kitabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akihimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, na habari hizo zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Wilfred Whiteley alizitoa tena, Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza ubavuni, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Ni mojawapo ya maandishi ya kwanza ya maisha ya mtu kwa nathari ya lugha yetu. Twalisoma kwa ajili ya lugha, na pengine kwa ajili ya historia. Napendekeza lisomwe pia kama ukurasa uliong'olewa katika Nyumba ya Pembe.

Ukilisoma hivyo, sifa yake ya nathari huonekana upya. Wengi wamesema kwamba Hamed huandika kwa ufupi na ukavu. Vita, safari, kifo na faida hupewa sauti moja. Huo si upungufu wa mtu asiyejua kusimulia. Mtu huyu aliweza, kwa hadithi tu, kumfanya Kasongo Rushie wa Utetera aamini kwamba yeye ni mjukuu wa jamaa yao aliyetekwa zamani, akapokelewa kama ndugu na kupewa utawala; na pamoja na utawala, pembe. Ajuaye kusimulia hivyo hakosi maneno. Ukavu wake ni wa daftari la hesabu. Moyo wa masimulizi ni frasila: zilipatikana ngapi, zilipotea ngapi, deni la Taria Topan huko Unguja limebaki kiasi gani. Ni nathari ya ghala. Kama vile matofali ya Aitchison, haina mapambo kwa sababu imekusudiwa kubeba uzito.

Je, mpagazi yumo? Yumo, lakini tazameni jinsi aingiavyo. Akitembea hatajwi; ni sehemu ya mzigo. Hutajwa anapokataa. Katika safari zake za awali wapagazi walimtoroka, naye akawakamata watu wengi wa nchi ile na kuwatia minyororo mpaka mizigo ikapata wachukuzi, na kwa tendo hilo akapewa jina la Kingugwa Chui. Hamed hakuona haya kulisimulia. Basi katika kitabu hiki mpagazi huonekana kwa muda wa kutoroka kwake tu. Kutoroka ndiyo kauli yake ya pekee. Msomaji makini ataisikia kauli hiyo, ingawa mwandishi hakuiandika ili isikike. Hapo ndipo kitabu kinapoizidi nyumba. Nyumba imenyamaza kabisa; kitabu kimesema zaidi ya alivyokusudia mwenyewe.

Lazima nitahadharishe jambo moja. Ni desturi kusema kwamba pembe zote zilichukuliwa na watumwa. Hadithi hiyo husikitisha, lakini ni nyepesi mno. Uchunguzi wa Stephen Rockel, uliotolewa katika kitabu mwaka 2006, umeonyesha kwamba katika njia ya kati wachukuzi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye ufundi wao, mila zao za safari, na ujuzi wa kudai haki yao. Watumwa walikuwapo, na zaidi katika nchi za Manyema na kwingineko ambako msafara ulikuwa vita. Kumfanya kila mpagazi kuwa mtumwa ni kumnyang'anya mara ya pili: kwanza alinyimwa jina, halafu akanyimwa hiari. Tafsiri ya haki itatofautisha kati ya aliyefungwa na aliyekubaliana bei.

Hata hapa tungeweza kusimama tukijiona washindi: wao wameficha, sisi tumehifadhi. Lakini iko nyumba ya pili. Mjini Unguja, katika mtaa wa Shangani wa Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, iko nyumba aliyokaa Hamed bin Muhammed mwenyewe. Wageni huonyeshwa mlango wake wa nakshi na ngazi zake za marumaru nyeusi na nyeupe. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba hiyo iligawanywa ikawa makao ya jamaa kadhaa. Tazameni jinsi ncha mbili za kamba moja zilivyofungwa kwa namna moja: ghala lililopokea pembe London likawa fleti, na nyumba ya mpeleka pembe Unguja ikawa fleti.

Tofauti yao ni kubwa. Huko, makao yaliuzwa kwa wenye fedha. Huku, makao yaligawiwa watu waliohitaji paa, na kwa tendo hilo nyumba ya mtu mmoja tajiri ilifanywa nyumba ya wengi. Kama ningeulizwa ni tafsiri ipi iliyo ya haki zaidi, ningesema ya pili, kwa kuwa iligeuza si umbo tu bali na uhusiano: mlango uliokuwa wa bwana ukapitwa na watoto wa watu wa kawaida wakienda shule. Lakini kwa uzuri wa kutunza umbo ningesema ya kwanza, kwani jengo lisilo na fedha za matengenezo huliwa na mvua na chumvi. Na kwa upande wa maana, nyumba zote mbili zina upungufu uleule. Ya Shangani hutajwa kwa jina la mwenye msafara, kama ya London itajwavyo kwa jina la mzigo. Aliyeuchukua mzigo hana nyumba katika miji yote miwili.

Tena kuna nyumba ya tatu, nayo ni lugha. Sisi sote tunaijua methali isemayo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Twaitumia kwa mzaha, mwenzetu anapoinua kikapu kikubwa sokoni au anapopewa kazi nyingi ofisini. Hatufikirii msafara. Methali hii ni ghala lililogeuzwa: umbo limehifadhiwa barabara, matofali yote yapo, na mna watu wapya ndani wasiojua kilichowekwa humo zamani. Ndani yake mlikuwa na sifa ya kweli kwa wachukuzi hodari kuliko wote wa njia ile, na mlikuwa na dharau vilevile, kwa kuwa anayesema mpe si yeye atakayebeba. Ukisikiliza kwa makini utaisikia sauti ya mtu aliyesimama mikono mitupu kando ya mzigo. Tunaowalaumu watu wa London kwa jina la mlangoni na tujiulize ni mara ngapi tumepita chini ya mlango huu wetu bila kuinua macho.

Yuko atakayepinga kwamba ninaitwika nyumba mzigo usio wake. Nyumba si shule. Mtu hununua fleti apate kulala, si kupata somo. Na kama ghala lisingepata kazi mpya lingebomolewa kama mengine, tusiwe na cha kuhakiki. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Jengo lenye wakaaji ni bora kuliko gofu lenye kibao cha kumbukumbu, na sitaki mtu yeyote alale akisutwa na kuta zake. Ninachodai ni kidogo. Waliogeuza ghala walikuwa huru kuliita jina jipya. Wakichagua kulibakiza jina la kale, kwa sababu lina faida, wamechukua deni pamoja nalo. Mfasiri aliyelibakiza neno la kigeni katika maandishi yake hudaiwa maelezo yake. Deni hilo hulipwa kwa maelezo, na maelezo ya kweli hayawezi kuandikwa kwa Kiingereza peke yake, maana maneno yake yako kwetu.

Kwa hiyo kazi hii ni yetu wanafunzi wa Kiswahili, na haingoji ruhusa ya mwenye nyumba. Yakusanywe maneno ya biashara ya pembe na ya safari, bab Ulaya na kalasha na mengineyo yaliyolala katika kamusi za zamani na katika maandishi ya wasafiri, kila neno pamoja na mahali lilipotumika na mtu aliyelitamka. Maisha ya Hamed yasomwe upya, sentensi kwa sentensi, tukitafuta kila mahali mpagazi anapojitokeza au anapotoroka. Wazee wa Tabora na Bagamoyo waulizwe yaliyosimuliwa na babu zao, kabla wanaokumbuka hawajaisha. Kazi hiyo ikimalizika tutakuwa na maelezo ya jina moja lililo juu ya mlango mmoja wa London, na tutakuwa na maelezo ya methali yetu wenyewe. La kwanza tutawapelekea wenyewe, wakilitaka. La pili twalihitaji sisi.